Kivuli cha Sentimita Sita na Nusu

Nikikuta 9.81 kwenye ripoti ya maabara, naweka kalamu chini na kumwita mwenye ripoti. Ni namba ninayoletewa kila mwaka na wanafunzi wa mwaka wa kwanza baada ya zoezi la pendulamu. Uzi, kipande cha chuma, saa ya simu, hesabu kidogo, na mwishoni mchapuko wa mvutano wa dunia, ile herufi g ya vitabuni, unatoka 9.81, safi, hauna doa. Lakini hapa Mtwara jibu si hilo. Tuko nyuzi 10 na kidogo kusini mwa Ikweta. Dunia inazunguka na imetuna kidogo katikati, kwa hiyo mvutano wa huku ni hafifu kuliko wa Ulaya. Ukikokotoa kwa latitudo yetu unapata takriban 9.78. Ile 9.81 ni ya London na Paris. Anayeniletea hakuipima. Aliikuta kitabuni, kisha akarudi nyuma kutunga sekunde zitakazomfikisha pale.

Kila aliyepita maabara ya sekondari nchini anajua kupika data. Ni jambo linalofanyika mchana kweupe, kaka anamfundisha mdogo wake, na wengi wanafaulu nalo. Mimi ni mwanafizikia, na naongoza kitengo cha sayansi na teknolojia katika chuo kimoja hapa mjini. Chini yangu zipo maabara za fizikia, kemia na baiolojia, karakana ya umeme, vyumba vya tehama, walimu na mafundi sanifu wake. Nimekaa kwenye kiti hiki muda wa kutosha kuamini kwamba kazi yake kubwa ni moja: kuhakikisha mwanafunzi hana sababu ya kupika. Bajeti, ratiba, ajira, ukarabati wa majengo, yote nayatazama kwa jicho hilo.

Ngoja nikae kidogo kwenye hiyo tofauti ya 9.78 na 9.81, maana wapo watakaosema ni ndogo mno kwa vifaa vyetu. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alipelekwa Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na Ikweta, kwa kazi ya kuchunguza nyota. Alikwenda na saa ya pendulamu iliyorekebishwa Paris. Ilipofika Cayenne ikawa inachelewa dakika mbili na nusu hivi kila siku. Ilimbidi afupishe pendulamu kwa chini ya milimita 3 ili saa iende sawa na nyota. Angeweza kuilaumu safari, joto, au fundi wa saa, akarekebisha na kunyamaza. Aliandika. Baadaye Newton akaichukua tofauti hiyo kuwa ushahidi kwamba dunia imetuna kwenye Ikweta. Sisi tunaishi upande huo wa dunia ambao saa ya Paris inachelewa. Mtoto wa Mtwara anayeandika 9.81 anaufuta ushahidi huo kwa mkono wake mwenyewe, na hajui kama ameufuta.

Na kuupima inawezekana. Tunafunga uzi wa mita 4 juu kwenye ngazi za jengo la madarasa. Hapo kwenda na kurudi mara moja kunachukua sekunde 4 na kidogo. Ukihesabu mizunguko 100, kwa 9.78 unapata kama sekunde 401.8, kwa 9.81 ungepata 401.2. Ni nusu sekunde na kidogo katika karibu dakika 7, na kidole kilichozoea kubonyeza saa ya simu kinaweza kuishika kama kundi likirudia zoezi mara kadhaa. Shida kubwa iko kwenye urefu. Ukikosea sentimita 1 na milimita 2 hivi kwenye zile mita 4, tofauti yote imeondoka. Hapo ndipo watoto wa wavuvi wa Msimbati na Mikindani wanapowazidi wenzao. Tukitumia mshipi wa kuvulia, wao ndio wanaosema kabla sijasema: usiupime ukiwa mezani, upime ukishaning'inia na mzigo, kwa sababu mshipi unavutika. Tena upime mpaka katikati ya kile chuma, usiishie kwenye fundo. Wanajua haya kwa vidole.

Kwa nini basi wanapika? Nimewauliza wengi, ofisini na nje chini ya mwembe, wakiwa hawana hofu ya alama. Sababu hazina siri. Vifaa havitoshi, kwa hiyo kundi lina watu wengi, wawili wanapima na waliobaki wananakili. Muda umekwisha, kundi lingine liko mlangoni. Na kubwa kuliko zote, alama zinatolewa kwa kukaribia jibu. Mwanafunzi aliyepima vizuri kwa kifaa kibovu akapata 9.2 anapewa alama chache kuliko aliyekaa bwenini akaandika 9.81. Ukimfanyia hivyo mara mbili, ya tatu atakuwa mpishi. Anaogopa sapu, yaani kurudia mtihani, anaogopa kudisko, yaani kuondolewa chuoni, nyumbani kuna mzazi aliyeuza korosho kulipa ada. Siwezi kumlaumu kijana huyo kabla sijajitazama sisi tuliomwekea mtego.

Vifaa nitavisema kwa urefu kidogo, maana watu wa bara hawaoni tunachopambana nacho. Upepo wa Mtwara unatoka baharini na umebeba chumvi. Mizani ya kidijitali inayosoma hadi miligramu inaletwa inang'aa, na baada ya misimu michache miguu ya vipuri vyake ndani imeota ukungu wa kijani. Skrubu za vernia zinakwama. Vioo vya hadubini vinaota kuvu. Fundi sanifu wetu wa maabara, mzee anayekaribia kustaafu, ana utaratibu wake: masanduku ya bati yenye mpira mlangoni, ndani yake vijaluba vya silika jeli anavyoviokota kwenye maboksi ya viatu na ya redio mtaani, anavikausha ovenini na kuvirudisha. Vifaa alivyovitunza vinaishi. Mizani za mihimili mitatu, zile za zamani zisizotaka umeme, bado zinafanya kazi, na kila muhula nazipangia ratiba kabla ya zile za kidijitali.

Kununua kuna safari yake pia. Siku hizi maombi yote yanapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, na wauzaji wa vifaa vya maabara wengi wako Dar es Salaam. Mzigo unashuka kwa barabara ile moja ya Kibiti, Somanga, Lindi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoikata barabara eneo la Somanga, mikoa yetu miwili ilibaki kama kisiwa kwa siku kadhaa, na mzigo wetu wa kemikali ulikuwa upande wa pili wa maji. Sisemi haya kutafuta huruma. Nasema kwa sababu anayepanga zoezi la maabara Mtwara lazima apange kwa kile kinachopatikana Mtwara, la sivyo atampa mwanafunzi karatasi ya zoezi bila kifaa, na karatasi bila kifaa ni mwaliko wa kupika.

Ndiyo maana mazoezi yetu mengi sasa yanatumia vitu vya huku. Ujazo na uzito tunafundisha kwa mpingo. Wachongaji wanatugawia vipande vilivyobaki, tunavikata viwe mche mraba, mwanafunzi anapima pande tatu kwa vernia, anapima uzito, anagawa. Inatoka gramu 1.2 au zaidi kidogo kwa sentimita ya ujazo. Kisha anakitumbukiza kwenye ndoo, na kinazama kama jiwe. Kila mwaka yupo anayenijia na 0.8. Ukimuuliza anasema mbao huelea, kwa hiyo 1.2 haiwezekani, akaona bora aisahihishe. Yeye aliyekulia Kitere au Nanyamba, aliyeona mpingo tangu utotoni, ameamini sentensi ya kitabu cha mahali pengine kuliko ndoo iliyo mbele yake. Hilo huniuma kuliko swali lolote la bajeti.

Sasa ofisini. Nilipokabidhiwa kitengo nilikuta fomu ya taarifa ya robo mwaka yenye safu ya mazoezi ya vitendo yaliyopangwa na safu ya yaliyofanyika. Desturi ilikuwa safu mbili hizo zilingane. Kila mtu alijua hazilingani. Mwalimu aliyeonyesha zoezi mbele ya darasa zima kwa kifaa kimoja aliliandika kuwa limefanyika; aliyelieleza kwa mdomo tu naye aliliandika. Nikawaomba walimu wangu tuongeze safu ya tatu: halikufanyika, na kwa nini. Mazoezi yaliyofanyika kweli, kila mwanafunzi ameshika kifaa, yakawa chini ya nusu ya yaliyopangwa.

Siku ile kwenye kikao kulikuwa na ukimya, kisha maneno. Mwenzangu mmoja mkubwa kwangu kiumri, ninayemheshimu, aliniambia kwa upole, "Dokta, namba hizi zitatumika kutupiga." Hoja yake haikuwa ya woga. Alikuwa ameona vitengo vinavyosema ukweli vikiulizwa maswali, na vinavyopamba vikipongezwa. Nilimjibu kwamba nisingeweza kwenda maabara kesho yake kumgombeza kijana wa miaka 19 kwa kupika sekunde, huku jina langu liko chini ya taarifa iliyopikwa. Taarifa ikaenda ilivyo. Maswali yalikuja, ni kweli, na tuliyajibu kwa ile safu ya sababu: mizani hakuna, umeme ulikatika, nafasi ya maabara imegongana na mtihani. Bajeti iliyofuata ilikuwa na fungu la vifaa ambalo zamani tulikuwa tukiambiwa hatulihitaji, kwa kuwa kwenye makaratasi mazoezi yote yalikuwa yanafanyika. Upungufu unaofichwa hauna fungu.

Watu wa Kusini hawahitaji kuhubiriwa umuhimu wa kipimo cha kweli. Nimezaliwa Tandahimba, katika nyumba ya korosho. Kabla sijajua kusoma nilijua maana ya kangomba: mnunuzi anakuja na chombo chake, anakijaza kwa mkono wake, anakupa bei ya kilo kwa kitu ambacho si kilo, na mama anakubali kwa sababu mtoto anaumwa na msimu wa mnada bado. Uzito ulikuwa umefichwa ndani ya ujazo. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima anaweka korosho ghalani kwa stakabadhi mpaka mnada, ulipoanza msimu wa 2007 huku Mtwara, mabishano yalihamia kwenye mizani. Korosho inapimwa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, inapimwa tena ghala kuu, na kilo hazilingani. Baadhi ni unyaufu wa haki: korosho iliyoingia na unyevu inaendelea kukauka, maji yanaondoka, uzito unapungua. Baadhi ni mizani. Baadhi ni mkono wa mtu. Mkulima anayeambiwa "unyaufu" bila kuonyeshwa unyevu ulikuwa kiasi gani siku ya kwanza na kiasi gani siku ya pili hana njia ya kutenganisha matatu hayo.

Kwa hiyo tuna zoezi la korosho. Mwanafunzi anapima sampuli mbichi, anaianika, anaipima kila siku, anachora mchoro wa uzito dhidi ya siku, anaona mstari ukishuka haraka mwanzoni kisha ukilala. Pia wanafanya kama wanavyofanya wapima ubora: wanachukua sampuli, wanakata, wanatenganisha punje nzima na zilizooza na changa, wanapima, wanakadiria gunia zima lina punje kiasi gani. Tunapofika kwenye swali la sampuli ichukuliwe wapi, juu ya gunia au katikati, darasa linawaka. Kila mmoja ana hadithi ya nyumbani. Sijawahi kuona data ya korosho iliyopikwa kwenye kitengo chetu. Ya pendulamu naiona kila muhula, ya korosho hapana. Nadhani ni kwa sababu wanajua nani anaumia.

Gesi nayo iko hivyo hivyo, ingawa wachache wanaifikiria kwa namna hiyo. Iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, na tangu 2015 inasafishwa Madimba na kwenda Dar es Salaam kwa bomba la inchi 36. Mwaka 2013 mji huu uliungua kwa ghasia za kupinga bomba hilo, na sitayapitia tena hapa maumivu yale. Ninachowaambia wanafunzi ni kwamba futi moja ya ujazo ya gesi haina maana mpaka useme shinikizo na joto lake. Ukiibana inakuwa ndogo, ukiipasha inakuwa kubwa. Anayetaka kujua Mtwara inapata nini lazima awe na mtu anayeweza kusoma mita ya gesi na kuihoji. Natamani mtu huyo awe amekaa kwenye mabenchi yetu.

Nije kwenye kivuli.

Kila mwaka karibu tarehe 20 Oktoba, jua la mchana linapita juu kabisa ya Mtwara. Fimbo iliyosimama wima inapoteza kivuli chake. Hutokea saa 6 na dakika 4 mchana hivi, na ni msimu mzuri, mbingu nyeupe, mvua bado. Siku hiyo Dar es Salaam, iliyo kaskazini yetu, jua linakuwa limeinamia kusini kidogo, na fimbo ya mita 1 inatoa kivuli cha sentimita 6 hivi kuelekea kaskazini. Ukiujua urefu wa kivuli hicho na umbali wa kutoka kusini kwenda kaskazini kati ya miji miwili, unapata mzingo wa dunia nzima. Ni njia ya Eratosthenes, aliyeifanya Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita kwa miji ya Syene na Alexandria. Sisi tuna pwani inayofaa kuliko yake, na tuna simu.

Nilipanga na rafiki niliyesoma naye, anayefundisha sekondari Dar. Wanafunzi wake wangesimamisha ubao wa mita 1 uwanjani, wangu wangesimamisha wa kwao nyuma ya karakana. Fundi seremala wetu alitupa pimamaji na timazi kuhakikisha umekaa wima. Saa 6 ilipokaribia kivuli chetu kilisinyaa mpaka kikaingia chini ya ubao. Vijana walipiga kelele kama goli limeingia. Dakika kama nne baadaye, kwa sababu Dar iko magharibi kidogo na adhuhuri yake inachelewa, ujumbe ukaja: sentimita 6.5.

Wakapiga hesabu. Pembe ni digrii 3.72, umbali waliosoma kwenye ramani ni kilomita 380, mzingo ukatoka kama kilomita 36,800. Kimya. Kila mtu pale anajua dunia ni kilomita 40,000. Kijana mmoja, mwerevu kuliko wengi, akaniambia, "Dokta, Dar wamekosea. Tuandike sita."

"Umejuaje wamekosea?"

"Kwa sababu tukiandika sita inatoka elfu arobaini."

Hakuwa anatania wala hakuwa mvivu. Alikuwa anafanya alichofundishwa na shule tangu darasa la tano. Nikamwambia aandike 6.5 kwa kalamu ya wino, kisha tumpigie rafiki yangu atutumie picha ya kivuli kwa karibu.

Picha ilipofika tukaikuza kwenye skrini ya chumba cha tehama. Mwisho wa kivuli haukuwa mstari. Ulikuwa utepe: giza kamili, kisha kijivu kinachofifia, kisha mwanga. Rula ilikuwa imelazwa pembeni, ikaonekana wazi kwamba watoto wa Dar walipima mpaka mwisho kabisa wa kile kijivu, pale mwanga unapoanza kuwa kamili. Si kosa, ni uamuzi, na hakuna aliyewaambia wapime wapi. Utepe wenyewe ulikuwa na upana wa milimita 9 hivi, na katikati yake ilikuwa karibu na sentimita 6.

Wengine wangeishia hapo, tumepata sababu, dunia imerudi kuwa 40,000. Lakini binti mmoja wa Msimbati, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza utepe unatoka wapi. Ubao una ukingo mkali, ardhi ni sakafu ya saruji, kwa nini kivuli kisikatike? Nikawaachia swali. Walizozana, wakawasha tochi za simu, wakalinganisha kivuli cha kalamu chini ya tochi ndogo na chini ya taa ndefu ya mrija. Mwishowe yeye mwenyewe akasema jua si nukta. Lina upana, na ukingo wake wa chini unatupa kivuli mahali tofauti na ukingo wa juu.

Basi wakaugawa: milimita 9 kwa mita 1. Ukizidisha uwiano huo na umbali wa jua, kilomita milioni 150, unapata kipenyo cha jua, kama kilomita milioni 1.35. Vitabu vinasema milioni 1.39. Walilipima jua kwa ubao na rula, kutoka kwenye zile milimita ambazo saa moja kabla walitaka kuzifuta. Yule kijana aliyetaka kuandika sita alikaa akiitazama ile picha muda mrefu baada ya wenzake kwenda kula.

Tangu hapo nafundisha kisa cha Erasto Mpemba baada ya zoezi hilo, sikitangulizi tena. Wanakielewa vizuri zaidi. Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, mwaka 1963, alipoona mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingia kwenye friza ukiwa wa moto umeganda kabla ya wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alichekwa. Akiwa Mkwawa, Iringa, akamwuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka kilichokuwa chuo kikuu kishiriki cha Dar es Salaam, na Osborne akaona bora jambo lipimwe. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Wanasayansi bado wanabishana. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walirudia vipimo na kusema huenda tofauti ilitokana na mahali kipimajoto kilipowekwa. Naona mabishano hayo ni heshima kwake. Kijana wa kidato cha tatu aliandika alichokiona, na miaka hamsini baadaye watu wazima bado wanakipima.

Kubadilisha mwongozo wa kusahihisha kulichukua muda kuliko vyote. Sasa alama nyingi za zoezi zinatoka kwenye daftari: vipimo vyote viko, hata vilivyokatwa kwa mstari mmoja ili bado visomeke, kipimo kinaweza kukosea kwa kiasi gani na kwa nini, kifaa namba ngapi. Jibu la mwisho lina alama chache. Wenzangu wawili walipinga, na hoja yao bado ina uzito: mitihani ya nje inataka jibu, na mwanafunzi aliyezoea kusifiwa kwa 9.2 ya kweli atakutana na msahihishaji asiyejali ukweli wake. Sina jawabu la kuwatuliza. Tunachofanya ni kuwapa vifaa bora karibu na mtihani na kuwazoesha kurudia kipimo, ili ukweli na jibu vikaribiane. Wapo wanaopoteza alama kwa sababu yangu. Nalijua hilo na bado sijarudi nyuma.

Kuna jambo lingine kuhusu mwanafizikia kuongoza watu wasio wanafizikia. Mkemia wetu alinifundisha kwamba kipimo cha kweli kwake kina sura nyingine. Anafundisha juu ya mafuta ya ganda la korosho, yale yanayochoma viganja vya kina mama wanaobangua, na kwake swali la kwanza ni usalama wa mkono wa mwanafunzi, desimali baadaye. Chemba ya kutolea hewa chafu ikiwa mbovu, zoezi halifanyiki, mwisho. Mwanzoni niliona anapunguza mazoezi. Sasa safu yake ya "halikufanyika, na kwa nini" ndiyo ninayoisoma kwanza. Wa baiolojia naye anapima viumbe ambavyo havirudii kipimo kilekile mara mbili, na amenifanya niache kudai namba moja pale ambapo ukweli ni mtawanyiko. Upande wa tehama mvutano ni wa fedha. Kompyuta mpya zinapendeza siku ya mgeni, mizani haipendezi mtu. Naidhinisha kompyuta, na kila mara nauliza zitasoma data iliyopimwa na nani.

Naendelea kufundisha zoezi la kwanza la mwaka wa kwanza mimi mwenyewe, Jumatatu asubuhi. Ninaambiwa mkuu wa kitengo akae ofisini, mafaili yanasubiri, masurufu hayajarejeshwa. Mafaili yanasubiri kweli. Lakini wiki ile ya kwanza ndipo mwanafunzi anapoamua kama mahali hapa ataweza kuleta namba mbaya bila kuadhibiwa, na uamuzi huo haufanywi na mwongozo uliobandikwa ukutani. Anatazama uso wa mwenye cheo anapoisoma ile namba.

Oktoba hii tunataka kupima na shule nyingi kuliko mwaka uliopita. Kwa walimu wa Lindi mjini, jua litawafikia utosini siku moja hivi kabla yetu. Kilwa Masoko siku tatu au nne kabla. Masasi siku moja baada. Lakini ili hesabu ikubali, wote tupime siku ileile, tarehe 20, kila mtu kwa adhuhuri ya kwake. Ubao wa mita 1 wenye upana wa sentimita 5, timazi, sakafu iliyosawazishwa kwa pimamaji, rula ya milimita. Anzeni kupima kuanzia saa 5 na dakika 50, kila baada ya dakika mbili, mchukue kivuli kifupi kuliko vyote. Andikeni vipimo viwili: mwisho wa giza na mwisho wa kijivu. Februari, karibu tarehe 21, jua litarudi utosini tena, ila adhuhuri itakuwa saa 6 na dakika 33 na mawingu ya mvua yatakuwa yametanda, kwa hiyo msiikose Oktoba.